Dozi ya Kumi

Jumatano ya tatu mfululizo Ciakuthii alifika zahanati wakati mlinzi bado anafagia veranda, akaketi kwenye benchi na kuanza kuhesabu watoto. Wa kwanza alikuwa wake mwenyewe, Alice, miezi tisa na wiki tatu, amefungwa mgongoni kwa leso iliyochujuka hadi maua yake hayaonekani. Kufikia saa nne walikuwa wanne. Saa sita wakawa sita. Ilipogonga saa saba Sista Kagwiria akatoka chumba cha chanjo mikono mitupu, na Ciakuthii akajua kabla hajaambiwa.

"Ni sita," sista alisema. "Sifungui kwa sita. Mrudi wiki ijayo."

Akina mama waliinuka wakakung'uta sketi zao. Hakuna aliyebishana. Mmoja alisonya, lakini alisonya akiwa ameshafika getini.

Chanjo ya ukambi huja katika kichupa kimoja cha watoto kumi. Ni unga mkavu unaochanganywa na maji yake, na ukishachanganywa una saa sita tu, baada ya hapo ni wa kutupwa. Zamani sista angefungua hata kwa mtoto mmoja na kumwaga zilizobaki bila kuulizwa na mtu. Lakini mwaka huo friji ya chanjo ilikaa miezi minne ikipoza hewa, kwa sababu huko juu wakubwa walikuwa wakivutana nani alipe, serikali au wafadhili. Walipochoka kuvutana vilikuja vichupa viwili kwa mwezi, pamoja na masharti yenye kurasa nyingi kuliko watoto wa kijiji. Sharti la kwanza lilikuwa hilo: kichupa kisifunguliwe mbele ya watoto wasiofika kumi.

Ukutani waliandika kwa rangi ya samawati kwamba chanjo ni bure na ni haki ya kila mtoto. Na hawakusema uongo, maana hakuna aliyewahi kumwomba Ciakuthii hata shilingi pale. Walichomwomba ni vichwa kumi.

Alikuwa na sababu ya kuogopa, na aliogopa kweli kweli. Kwenye ploti walikokodi chumba, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, mlango wa pili kutoka kwake aliishi mwanamke anayeitwa Nelius. Mtoto wa Nelius, wa miaka miwili, alianza na mafua, macho yakawa mekundu, halafu vipele vikashuka kutoka nyuma ya masikio mpaka tumboni. Walimkimbiza hospitali kubwa Ijumaa. Jumatatu alirudishwa amefunikwa uso. Tangu siku hiyo Ciakuthii alikuwa akiamka na jambo la kwanza analofanya ni kumpapasa Alice nyuma ya masikio.

Munyi, baba yake Alice, alikuwa Isiolo akipasua mawe ya ujenzi. Alipopigiwa simu alisema wasubiri tu, serikali italeta. Ciakuthii alimwambia serikali imeshaleta, imo ndani ya friji, ameiona kwa macho yake, na kinachokosekana ni watoto wanne. Munyi akasema hilo hajawahi kulisikia.

Jioni hiyo, akichambua ndengu, Ciakuthii aliamua kwamba kama kinachotakiwa ni watoto kumi, basi yeye atawaleta.

Kazi yake ilimsaidia. Kila alfajiri alizunguka mashamba ya juu ya Muthara, kijiji hicho cha Meru walikokodi, akikata majani ya migomba, akayafunga mzigo na kuwauzia wanaofunga miraa, maana miraa isipofungwa kwa jani bichi hunyauka kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo alijua kila boma, kila mbwa, na kila kamba ya nguo iliyoanikwa nepi. Wiki hiyo aliacha kupita nyuma ya migomba. Alipitia mlangoni, akabisha hodi, akaulizia mtoto.

Wengine walimpokea vizuri. Wengine walimwambia wameshaenda kliniki mara tatu wakarudishwa, hawana tena miguu ya kupeleka huko. Bibi mmoja alitaka kujua analipwa na nani kwa kazi hii ya kuzunguka. Vijana waliokuwa wakichambua miraa chini ya mti walimtania kwa Kimeru, wakiiga jinsi anavyovuta maneno yake ya Kimbeere, lugha ya kwao Embu, wakamwita daktari wa Embu. Alicheka nao. Alipita tena kesho yake, na vijana hao hao wakamwonyesha nyumba ambayo hakuijua, yenye mapacha wa mwaka mmoja.

Kufikia Jumapili alikuwa amepata ahadi za watoto wanane, na Alice wake akawa wa tisa. Wa kumi alikuwa wa mama aitwaye Mukiri, na Mukiri hakutaka kusikia. Si kwamba alikuwa na ubaya na sindano. Mvua ilikuwa imenyesha, magugu yalikuwa yamefika magotini mwa maharagwe, na mume wake alikuwa amesema yasipopaliliwa wiki hiyo asimwombe chochote mpaka Krismasi.

"Jumatano yote nikae kwa benchi, halafu niambiwe nirudi?" aliuliza. "Hiyo shamba nani atalima?"

"Mimi," Ciakuthii alisema.

Alilima Jumatatu, akalima Jumanne, Alice akiwa mgongoni, jembe la kuazima likimkwaruza kiganja. Mukiri alilima mstari wa pili, na ilipofika adhuhuri alimletea uji na nyeni, mboga za majani zilizopondwa na viazi. Wakaongea kama ndugu. Mukiri alisema hajawahi kuona mtu wa Embu mwenye mgongo kama huo, akimaanisha kumsifu. Jumanne jioni mstari wa mwisho ulikuwa safi, na mgongo wa Ciakuthii ulikuwa haunyooki.

Jumatano saa tatu kasoro, benchi la zahanati lilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Sista Kagwiria alitoka, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, kisha akacheka. Ciakuthii hakuwa amewahi kumwona akicheka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeajiriwa kwa mkataba wa mwaka hadi mwaka, na mshahara wake wa miezi mitatu ulikuwa bado kwenye ahadi. Alimpigia mkubwa wake simu pale pale verandani kumweleza kwamba leo ana kumi kamili. Halafu akaingia ndani, akafungua friji, akachanganya dawa, na juu ya kichupa akaandika kwa kalamu nyeusi: saa tatu na dakika kumi.

"Mama Alice, wewe ndio umewaleta," alisema. "Kuja uanze."

Ciakuthii alikataa. Kwao Mbeere mwenye kualika watu hanyooshi mkono kwenye sufuria kabla ya wageni, na mama yake alikuwa amemchapa kwa jambo hilo akiwa na miaka sita. Hawa tisa walikuwa wageni wake. Aliwapanga mwenyewe, mapacha kwanza kwa sababu walikuwa wakilia, kisha aliyetoka mbali, kisha wengine, akawashikia akina mama vikapu vyao, akawapanguza watoto kamasi. Alifurahi. Nafasi ya mwisho aliichukua kwa raha zote, kwa kuwa dozi ya kumi ni dozi kama zile tisa na hakuna wa kumnyang'anya.

Sista alidunga na kuandika kwenye kitabu kikubwa cha karatasi. Alikuwa amemaliza mtoto wa saba wakati pikipiki ya ofisi ilipoingia getini na Koome akashuka.

Koome alikuwa mratibu wa mradi wa chanjo, kijana nadhifu wa shati la mistari, mwenye sauti ya upole na viatu visivyo na tope hata msimu wa tope. Alikuwa amepokea habari njema ya watoto kumi na amekuja kuipiga picha. Aliwasalimia akina mama mmoja mmoja kwa mkono. Alipokiona kile kitabu cha karatasi akamwambia sista, kwa upole ule ule, kwamba hiyo si njia. Akatoa kishikwambi mkobani, akaketi mezani, akaanza kutafuta majina yao katika orodha ya mradi ya watoto wa eneo hilo. Wale saba waliokwisha kudungwa wote walipatikana. Wa nane akapatikana, akadungwa. Mtoto wa Mukiri alikuwa wa tisa. Alilia kidogo, akapewa titi.

Ciakuthii akaketi kwenye kiti, akamtoa Alice mgongoni, akamkunja mkono wa sweta.

"Jina ya boma?" Koome aliuliza.

"Tunakodi. Ploti ya Thuranira, pale nyuma ya posho mill."

Kidole cha Koome kilipanda na kushuka kwenye kioo. "Thuranira yuko. Watoto wake ni wakubwa. Wewe hauko."

"Wale walipita kuandika watu walisema wapangaji waandikwe kwao."

"Na kwenu ni wapi?"

"Embu. Chini kule Mbeere."

"Basi dozi yako iko Embu, mama."

"Niliuliza. Shemeji yangu Kivuti alienda mpaka kliniki ya huko. Walimwambia mtoto amezaliwa Meru, dozi yake iko Meru."

Koome alifikiri. Alionekana kuumia kidogo. "Hiyo pia ni ukweli," alisema.

Sindano ilikuwa mkononi mwa sista. Kichupa kilikuwa mezani, na chini kabisa ndani yake kulikuwa na maji kidogo, ya kutosha mtoto mmoja. Kila mtu mle chumbani aliyaona. Ciakuthii alisema kichupa kimeshafunguliwa, imebaki moja, na mtoto wake asipoipata itamwagwa. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo alilosahau.

Koome hakukasirika. Alivuta kiti chake karibu naye na kumgeuzia kishikwambi.

"Nikuonyeshe. Hapa ndio watoto wa list wanaingia. Ni tisa. Hapa chini ni za kutupwa. Itakuwa moja. Tisa na moja ni kumi, ripoti inafunga, hakuna mtu ananiuliza. Sasa nikimdunga huyu wako, nimweke wapi?"

Ciakuthii alisoma. Alikuwa amefika darasa la nane, na maneno yale hayakumshinda. Aliangalia safu ya kwanza, akaangalia ya pili, akaona kwamba kijana huyu hamdanganyi. Taka ilikuwa imetengewa mahali pake. Alice hakuwa na mahali.

"Andika umetupa," alisema polepole. "Halafu mdunge."

Koome alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Unaniambia nidanganye wafadhili." Sasa hakuwa akisema naye peke yake, alikuwa amegeuka kuelekea benchi. Aliwaeleza akina mama kwamba kuna zahanati moja, hataitaja, ilidunga watoto ambao hawako kwenye orodha. Ilikatwa. Haikupewa kichupa kwa miezi mitatu, na hao walioumia ni watoto wa pale pale, wenye haki yao. "Kuna sindano ya pili, ya mwaka na nusu," alisema. "Mnataka hawa wenu wakose hiyo juu ya mtoto mmoja wa Embu? Niambieni. Mimi ni mtu wa kusikia wananchi."

Mama wa mapacha alianza kutafuta kitu ndani ya kikapu, akaendelea kukitafuta. Ciakuthii alimtazama Mukiri. Alijua si haki kumtazama, lakini macho yalikwenda yenyewe. Mukiri alikuwa akifunga vifungo vya sweta la mtoto wake kwa makini sana, kimoja kimoja, na alipofika cha juu ilibidi aseme kitu.

"Mama wa Embu, wacha tu," alisema. "Utapata kwenu."

Mgongo wa Ciakuthii ulikuwa bado unauma kwa maharagwe ya Mukiri. Alitaka kumwambia hivyo mbele ya watu wote. Aliona aibu, na baadaye alijiuliza aibu hiyo ilikuwa ya nani hasa.

Wakatolewa nje kupigwa picha. Koome aliwapanga akina mama wa wale watoto tisa chini ya maandishi ya samawati, watoto mbele, mikono iliyodungwa ikiangalia kamera. Ciakuthii alikuwa amesimama karibu na nguzo. Akaombwa asogee kidogo tu, na kidogo tena, mpaka akawa nyuma ya tangi la maji. Kisha Koome akarudi ndani, akapiga picha kichupa na yale maji yaliyobaki, kiasi chake kikionekana vizuri, akamkumbusha sista kwamba saa tisa na dakika kumi naye apige picha nyingine, kiasi kiwe kile kile, ndipo atupe. Akawasha pikipiki, akaenda. Akina mama walishika njia wakizungumza juu ya mvua.

Ciakuthii hakuondoka. Alirudi akaketi ndani, mkabala na meza, akamnyonyesha Alice. Sista Kagwiria alifanya kazi zake zote alizokuwa nazo na nyingine ambazo hakuwa nazo. Alipanga kadi, akapangusa dirisha, akapangua kadi.

Saa saba mlinzi akaenda kula na hakukubakia mtu mwingine zahanati nzima. Sista alifunga mlango. Alichukua sindano mpya, akaitoa kwenye karatasi yake, akakiinua kichupa juu ya mwanga.

"Nikivuta, kwa picha itaonekana haina kitu," alisema.

"Weka maji."

Sista alifikiri. Ciakuthii aliona wazi kwamba amefikiri, aliona macho yake yakienda kwenye chupa ya maji ya kuchanganyia, yakarudi kwa Alice. Alikuwa ameshaanza kuukunja tena mkono wa sweta wakati simu ya sista ilipotetemeka mezani. Ulikuwa ujumbe wa Koome, akimsisitizia asisahau picha, na akiongeza kwamba majina ya wafanyakazi wa mkataba watakaoongezewa muda yatapelekwa Ijumaa. Huenda hakumaanisha lolote. Sista aliusoma mara mbili, akaiweka sindano chini.

"Niko na watoto watatu," alisema.

Ciakuthii akaushusha mkono wa sweta.

"Ungekubali tu kuanza. Nilikuita. Kabla yeye afike ningekuwa nimekuandika kwa kitabu na imeisha." Sauti ya sista ilikuwa na hasira, na hasira hiyo aliitupa kwa mtu wa pekee aliyekuwa karibu. "Kwa nini ulikataa kuanza?"

Ciakuthii angemweleza juu ya wageni na sufuria, lakini akiwa pale kwenye kiti jambo hilo lilionekana la kijinga, jambo la watu wa zamani wenye chakula cha kutosha. Akamfuta Alice maziwa mdomoni. Walikaa hivyo wawili, wakisikiliza kuku wa mlinzi wakikwaruza nje, na saa ya ukutani ikaenda. Alikuwa akijiambia kwamba labda bado, labda dakika ya mwisho. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita.

Saa tisa na dakika kumi sista alipiga picha. Akafungua kijidirisha cha lile boksi la manjano la kutupia sindano, akakidondosha kichupa ndani. Kiligonga vioo vingine vilivyokuwamo. Akatoa fomu kwenye droo, akaijaza, akafika chini akakwama. Alichungulia nje kumtafuta mlinzi, akamwita kwa jina, hakupata jibu. Alirudi akasimama mlangoni, akiishika ile fomu kwa mikono miwili.

"Mama Alice," alisema, na safari hii hakumwangalia. "Inataka shahidi, kwamba imetupwa kweli. Mlinzi ndio husaini lakini hayuko. Unaweza kunisaidia?"

Ciakuthii aliitazama ile karatasi. Alifikiria kukataa. Kisha akafikiria Jumatano ijayo, na kichupa cha pili kilichobaki kwenye friji, na mkono wa nani utakaokifungua. Akaichukua kalamu. Aliandika jina lake na la babake, akaandika namba ya kitambulisho aliyoijua kwa kichwa. Sehemu ya tatu ilimsimamisha. Ilisema shahidi awe mkazi wa eneo hili, ataje anapoishi.

"Hapa niandike wapi?" aliuliza.

"Andika Muthara," sista alisema.

Akaandika Muthara, kwa herufi nzuri za shule. Sista aligonga muhuri, akaipiga fomu picha, akaituma, akabaki ameishika simu. Alice alikuwa ameanza kupiga chafya, moja, kisha ya pili, na Ciakuthii akapeleka vidole nyuma ya masikio yake, akapapasa polepole, upande huu na upande ule. Simu ikatetemeka. Sista akasoma kwa sauti ndogo kwamba fomu imepokelewa, shahidi amethibitishwa kuwa mkazi wa hapa, na kila kitu kiko sawa.